Mgongo wa Mama Mkwe

Ukinipa penseli uniambie nimchore mama mkwe wangu, nitakuchorea mgongo. Mgongo ndio ninaoujua. Mpana mabegani, umeinamia kidogo upande wa kulia, kitenge kimoja kimefungwa chini ya makwapa na kingine kimetupiwa kichwani mpaka masikio hayaonekani. Nikiongeza visigino vyake, vilivyopasuka kwa kulima udongo mweusi wa mbuga, na zile kandambili za bluu ambazo kamba moja alikuwa ameifunga kwa waya, picha imekwisha. Uso sina.

Msinicheke. Kwetu Usukumani mwanaume hamkazii macho mama wa mkewe. Hakai naye chumba kimoja, hampi mkono, hali chakula mbele yake. Akimwona anakuja njiani, anaiacha njia na kujitia katikati ya pamba za watu, anajifanya anatafuta kitu mpaka mwenzake apite, na mwenzake naye anapita ameangalia upande wa pili. Tunaiita aibu, ila si aibu ya mtu aliyefumaniwa, ni heshima. Mimi kwa bahati yangu nimezionja zote mbili kwa mama huyuhuyu mmoja, na ile ya pili mpaka leo ikinijia nikiwa nanyoa ndevu nasimamisha wembe.

Basi nilimjua kwa njia nyingine. Nilijua kikohozi chake, kifupi, cha kutangaza kwamba anapita ili nigeuke. Nilijua kandambili ile yenye waya inavyokwaruza sakafu. Nilijua mkono wake kwa michembe, maana kila mwaka baada ya mavuno alikuwa akituma gunia zima kwa basi kutoka Bariadi mpaka Maswa, tulikokuwa tunakaa mimi na Kabula, mke wangu. Viazi vilikuwa vimekatwa sawasawa na kukaushwa mpaka vikigongana vinalia. Mtu anayekata michembe namna ile ni mtu asiyependa mchezo.

Na nilijua sauti. Hakuwahi kunisemesha mimi. Aliyekuwa akisemeshwa ni Kabula, hata kama Kabula hayupo, hata kama Kabula yuko Maswa anauza duka. Nimekaa uani peke yangu kwenye kigoda, kuku wananizunguka, nasikia kutoka nyuma ya jiko: Kabula, muulize mkwilima kama wamelala salama kule. Mkwilima ndiye mimi, mkwe wa kiume; mama kwa Kisukuma ni mayu. Nami naangalia magoti yangu najibu: Kabula, mwambie mayu tumelala salama. Tungeweza kuongea hivyo nusu ya siku, habari za mvua, za watoto, za bei ya pamba, yote yakipitia kwa mtu ambaye hayupo. Mgeni mmoja kutoka Dar aliwahi kutukuta hivyo akadhani nyumba ina mgonjwa wa akili, akawa anatafuta ni yupi.

Siku moja aliniletea chai. Yaani aliiweka kizingitini, akakohoa, akaondoka. Nikanywa funda la kwanza, ikawa chumvi tupu. Kwenye giza la jiko alikuwa amechota mkebe usio wenyewe. Nikameza. Nikanywa kikombe chote, jasho linanitoka, na aliponiuliza kupitia kwa Kabula kama chai ina sukari ya kutosha, nikajibu kwamba chai ni nzuri sana, wabeja, yaani asante. Baadaye akamimina yake. Halafu nikasikia:

“Kabula, mwambie mkwilima mtu hafi kwa kusema chai ina chumvi.”

Hakucheka, nami sikucheka. Lakini kwa muda mrefu nilikuwa nikimsimulia Kabula kisa hicho, naye anacheka mpaka anashika ukuta.

Alikuwa mjane, na alikuwa mtu wa kanisa, mtu wa jumuiya, mtu ambaye katekista akikosea somo anakohoa kile kikohozi. Mambo ya zamani aliyashika, ya kanisa aliyashika, na watu wakadhani wamemjua. Kumbe mama yule alikuwa na upande mwingine kabisa. Ndiye aliyekuwa wa kwanza mtaani kwao kuacha kupeleka pamba chama cha ushirika, wanunuzi binafsi walipoingia na mizani yao na fedha mkononi. Wanaume bado wanashauriana, yeye ameshauza, ameshanunua mabati. Na akaona kitu ambacho wengine hawakukiona: kwamba vijana sasa wanalipwa palepale kwenye mizani, pesa iko mfukoni mchana, na mji hauna pa kukaa isipokuwa kilabuni. Alikuwa ametoka Mwanza kumtazama dada yake mgonjwa, na kule kwenye mtaa wa dada yake aliona banda limejaa vijana wanacheza mpira kwenye kompyuta, hakuna aliyelewa, na kila mmoja analipa.

Akarudi na gemu kichwani. Mwanamke ambaye hawezi kumwangalia mkwe wake, anataka chumba kilichojaa vijana wanaopiga kelele.

Alichokifanya baada ya hapo ndicho kilicholeta yote. Aliwapeleka mnadani ng'ombe wa mahari ya Kabula. Ng'ombe niliowatoa mimi. Sasa kwa desturi ng'ombe wa dada humwoza kaka, na kaka mwenyewe alikuwepo, Masanja, kifungua mimba wa mama, ameshapata mchumba na anahesabu siku. Mama hakumuuliza. Aliuza ng'ombe, na nikapata ujumbe kwa kondakta wa basi kwamba Kabula aambiwe amwambie mkwilima aende Mwanza anunue kompyuta ya gemu, nzima, na pedi mbili za kuchezea zenye waya mrefu. Alinichagua kwa sababu nilikuwa na cheti cha kompyuta na duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi pale Maswa. Katika ukoo wao hakuna mwingine aliyejua hata kuiwasha.

Ningekataa vipi? Na kwa nini nisiseme ukweli, nilifurahi. Nilijiona mtu. Nikaenda Mwanza, nikachagua kompyuta mtumba nzuri, nikaipakata kwenye basi mpaka Bariadi, miguu ikafa ganzi. Kichwani nilikuwa na jambo moja tu: mashine hii ikifanya kazi, mama atapata riziki na Masanja ataoa kwa faida yake. Isipofanya kazi, ng'ombe wangu watakuwa wameondoka kwenye zizi la wakwe kupitia mkononi mwangu, na hakuna atakayeuliza zaidi ya hapo.

Chumba chenyewe kilikuwa mbele ya nyumba yake, mlango mpana unaotazama barabara, na nyuma yake pazia la kuingilia ndani. Nilijitia ujanja. Niliweka meza katikati ili kioo kitazame ndani, mpita njia asiweze kuangalia mpira wa bure. Lile kasha la kompyuta nikaliweka chini sakafuni, mgongo wake umeelekea mlangoni. Nikachutama, nikachomeka pedi kwenye matundu ya nyuma, nikatia sidii ya kuzitambulisha, gemu likawaka. Mama alikuwa nyuma ya pazia. Nikamweleza Kabula, ambaye hayupo, kwamba jioni mama achomoe pedi alale nazo, wezi wasizibebe, na asubuhi achomeke nyuma kama nilivyochomeka. Kabula akaitikia kwa sauti ya mama yake kwamba amesikia.

Wiki haikwisha, kondakta akaja dukani kwangu. Mashine imezikataa pedi.

Nikapanda basi. Nilipofika mama akaziweka pedi kwenye kigoda, akakohoa, akapitia mlango wa uani. Nikachutama, nikachomeka, zikakubali mara moja. Vijana wakacheza mpaka giza. Nikarudi Maswa. Keshokutwa yake kondakta huyu hapa: zimekataliwa tena. Nikaenda, nikasafisha vichwa vya nyaya kwa spiriti, nikabadilisha hii ikae pale ile ikae hapa, nikachungulia umeme wao kama unapanda na kushuka. Kila kitu kizima. Nikiwepo mimi mashine inazitambua. Nikiondoka, inazikana. Nilifuta kila kitu nikaanza upya. Nilinunua hata waya wa umeme mpya kwa pesa yangu. Kupitia kwa Kabula nilimuuliza mama kama anachomeka vizuri, akajibu anachomeka kwenye matundu yake, zinaingia mpaka mwisho. Na ilikuwa kweli. Wote wawili tulikuwa tunasema kweli.

Ningefanya nini zaidi? Fundi mwingine angesema, mama, hebu chomeka nikuone. Mimi nisingeweza kusema hivyo, na yeye asingeweza kukubali. Alipoingia nilitoka, nilipoingia alitoka. Hatukuwahi kuiona mashine ile tukiwa pamoja.

Masanja alianza kusema. Kwanza alisema chinichini, baadaye akasema sokoni. Kwamba mashine inamjua mwenyewe. Kwamba iwaje ikimwona mkwe ifanye kazi, akipanda basi igome. Wengine wakasema nimeifunga kwa dawa, wengine wenye elimu kidogo wakasema nimeitia namba za siri, na wote wakakubaliana kwamba nimewarudisha ng'ombe wangu kwa mlango wa nyuma. Mama alipomwomba Masanja achomeke yeye, labda mkono wake una bahati, alikataa kuigusa. Alisema hawezi kupapasa ng'ombe wake waliogeuka bati. Nilikuwa nikishuka kwenye basi pale stendi ya Bariadi naona watu wananyamaza. Sijawahi kuchukia kazi yangu namna ile. Kabula alikuwa amezaa juzijuzi, ananyonyesha, anaona nimerudi nimekunja uso, anauliza, nami namjibu mkato kana kwamba kosa ni lake.

Nikaitwa ukweni, Jumapili baada ya misa. Si kwa chai. Baba mdogo wao, mdogo wake marehemu mkwe wangu, alikuwa mkubwa wa kikao, na kikao kilifanyika mle mle bandani. Mimi nikapewa kiti pembeni. Mama alikuwa ndani, nyuma ya pazia, nasikia kandambili. Mlangoni vijana walikuwa wamejazana kama kila siku, maana hakuna mlango wa Bariadi uliokosa vijana siku ya Jumapili, na hakuna aliyewafukuza.

Masanja alisema yake yote. Alitaka nichukue mashine yangu, nirudishe ng'ombe. Alisema mchumba wake hatamngoja mtu mwenye kompyuta isiyoona. Baba mdogo akanigeukia, akaniuliza kwa upole, na upole wake uliniuma zaidi, kama kuna kitu nimekifanya au nimekiacha kwenye mashine ile. Nikasimama. Nikaapa. Nikasema mbele yao na mbele ya Mungu kwamba niliitambulisha kila kitu, sikusahau hata kimoja, kama kuna kosa basi halipo mkononi mwangu. Nilisema kwa sauti, nilikuwa nimechoka kuonewa.

Pazia likacheza. Sauti ikasema: “Kabula, waambie nitachomeka mwenyewe waone kama naharibu.”

Akaingia. Mimi palepale nikageukia ukuta. Nikasikia baba mdogo akihema, akifikiri, halafu akasema leo ni kazi, mkwe aangalie, ila aangalie mikono tu. Nikageuka. Nikaona ule mgongo, karibu kuliko nilivyowahi kuuona, na kitenge kichwani. Akakaa kwenye kigoda mbele ya meza, akafungua pindo la kitenge, akatoa pedi zimefungwa vizuri kwenye leso. Akanyoosha mkono chini, akachomeka moja, akachomeka ya pili. Kwenye matundu ya mbele.

Mashine ikanyamaza. Gemu likasema halioni pedi.

Wanaojua kompyuta za wakati ule watakuwa wameshaelewa. Kila tundu lilikuwa linajitegemea. Ukiitambulisha pedi kwenye tundu la nyuma, ukaja kuichomeka la mbele, mashine inaiona mgeni, inataka tena ile sidii. Sidii nilikuwa nazunguka nayo mimi kwenye begi. Kumbe mambo yote yale, basi, spiriti, uganga, ng'ombe, yalikuwa ni matundu ya mbele na matundu ya nyuma. Nilitaka kucheka. Nilifungua mdomo kabisa niseme: mama anachomeka mbele, nilimwambia achomeke nyuma.

Halafu nikatazama ile sehemu ya sakafu. Mgongo wa lile kasha ulikuwa umeelekea mlangoni, nilivyouweka mimi kwa ujanja wangu. Anayetaka matundu ya nyuma lazima azunguke meza na kuinama mpaka chini, na pale anapoinama, nyuma yake ni mlango, na mlangoni ni vijana. Kila asubuhi. Mama mzima, mjane, mama wa Masanja, ainame hivyo mbele ya watoto wa watu. Mimi mwanaume nilichutama mara zote zile bila kuwaza kitu. Yeye aliona matundu yanayofanana yako mbele, anayafikia akiwa amekaa kwa heshima yake, akachomeka hapo. Angemwambia nani? Angeniambia mimi, mkwe, kwamba siwezi kuinama pale?

Nilijua pia swali litakalofuata. Nikisema matundu ya nyuma, Masanja atamuuliza mama yake kwa nini hakuchomeka nyuma kama alivyoelekezwa. Atamuuliza pale pale, wote wanasikia. Na yeye hatakuwa na jibu la kusema mbele ya wanaume.

“Sema basi, mkwe,” Masanja akasema.

Nikasema nilisahau. Kwamba matundu ya mbele sikuyatambulisha, kosa ni langu. Masanja akaruka: si umeapa sasa hivi? Nikasema nimeapa uongo.

Hakuna neno nililowahi kulitamka lililonitoka kwa shida kama lile. Baba mdogo aliinamisha kichwa. Nilitoa sidii kwenye begi, nikangoja mama aondoke kwenye kigoda, akarudi nyuma ya pazia, nikaitia. Haikuchukua muda. Pedi zikawaka, vijana mlangoni wakashangilia, mmoja akauliza kama wanaweza kuanza. Nikatozwa mbuzi kwa kuapa uongo nyumbani kwa wakwe. Nilimtoa. Nyama yake sikuila.

Na mama hakusema kitu. Hicho ndicho kilichonikaa. Nilingoja pale kwenye kiti, nikasikiliza pazia, nikajua amejua, lazima amejua, ameona nilivyoitazama ile sakafu. Neno moja tu kwa Kabula lingenitosha. Hata kikohozi. Pazia lilitulia, na mimi nikatoka nikapita katikati ya vijana kwenda stendi.

Jina nililopewa ni Fundi Nimesahau. Lilifika Maswa kabla ya mvua. Mtu akileta barua kuchapa ananiuliza kama leo nimekumbuka, watu wanacheka, nami nacheka nao. Kabula nilimwambia ukweli, mwingine sikumwambia. Kabula alilia kidogo, akasema mama yake ndivyo alivyo. Nikamjibu vibaya. Nilikuwa na hasira na yule mama kwa miaka, nasema wazi, na ilikuwa hasira ya ajabu kwa sababu gunia la michembe liliendelea kuja kila mwaka nami niliendelea kuila.

Banda lenyewe lilinyanyuka. Msimu wa pamba lilikuwa halina pa kukanyaga, na Masanja alioa kabla ya mavuno ya pili, akasahau kabisa kwamba aliwahi kuiita mashine bati. Mama alilitawala banda lile akiwa amekaa kwenye kigoda chake cha pembeni, mgongo kwa wachezaji. Mchezo wenyewe hakuujua, hakujua goli ni lipi, lakini kwa sauti tu alimjua anayedhulumu zamu. Anayetukana alikuwa analipa na kutoka. Jumapili hapakufunguliwa mpaka misa iishe, na hata ikiisha alikuwa anauliza wachezaji somo lilihusu nini, asiyejua anasubiri. Kijana mmoja aliyekuja na pesa yote ya pamba ya baba yake alimpeleka mwenyewe mpaka kwao, anatangulia mbele, kijana anafuata kama mbuzi. Akapokea pesa ya nusu saa tu aliyocheza. Watu walimwogopa na walimpenda. Siku moja nilikuja na nikakuta ameigeuza meza, kasha limeelekea ukutani, matundu ya nyuma yako ndani. Hakumwambia mtu kwa nini, nami sikuuliza. Nilifikiri, ndiyo hivyo basi, amejipatia njia yake, mimi nibaki na jina.

Miaka ikaenda. Simu zikaingia na magemu yake, banda likawa duka la vocha, baadaye saluni ya mke wa Masanja. Bariadi ikawa makao ya mkoa, maofisa wakaja na magari, bodaboda zikajaa. Fundi Nimesahau alisahauliwa, nadhani nimebaki mimi tu ninayelikumbuka jina hilo.

Mara ya mwisho nilikwenda peke yangu. Kabula alikuwa Maswa na mafua makali, na habari zilikuja kwamba mama hali vizuri. Macho yalikuwa yameshamwisha, yametanda weupe, daktari alisema imechelewa. Nilifika karibu adhuhuri. Mke wa Masanja alikuwa na mteja saluni, nywele ziko nusu, akanionyesha kwa mkono tu kwamba mama yuko chumba cha ndani, akanisukuma kwa haraka bila kufikiri. Ni msichana wa mjini, hana habari na mambo yetu. Nikajikuta nimesimama ndani ya chumba cha mama mkwe, mlango nyuma yangu, na yeye yuko palepale amekaa kitandani.

Niligeuka kabla sijaona kitu. Mwili uligeuka wenyewe. Nikawa natazama ukuta, kalenda ya parokia, msumari. Nilidhani nitoke polepole, hanioni, hatajua ni nani aliingia. Nilikuwa nimeshainua mguu.

“Kabula,” akasema. “Mkaribishe mkwilima. Nimemjua kwa viatu.”

Nikashusha mguu. Nikamwambia Kabula amsalimie mayu, mwangaluka. Akaitikia. Akauliza watoto, akauliza mafua ya Kabula huyohuyo aliyekuwa anamtuma. Nikajibu yote, naujibu ukuta. Sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba. Saluni mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inalia, ikazimwa, na katika ule utulivu akasema:

“Kabula, mwambie mkwilima ile chai ya chumvi aliyokunywa siku ya kikao, na mimi niliionja.”

Nikakazia macho ule msumari.

Akaendelea taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo asije akavunja. Alisema mwambie nilikuwa nyuma ya pazia nimeuma kitenge. Mwambie wanangu walikuwepo, nikaona aibu. Na siku ya pili niliona aibu kwamba jana nilinyamaza, na kila siku iliyopita ilizidi kuwa ngumu, mpaka nikaona bora nitume michembe. Alisema Masanja ameambiwa yote wiki iliyopita, na baba mdogo kaburini kwake ameambiwa pia.

Nilijifuta uso kwa mkono wa shati. Nikasema kwa sauti isiyokuwa yangu kwamba Kabula amwambie mama chai ilikuwa nzuri.

Alikohoa. Si kile kikohozi cha kupita, ni cha mtu anayezuia kucheka.

“Mwambie bado muongo,” akasema. “Na mwambie aache kuongea na ukuta, sauti yake nasikia inatokea kwenye kalenda. Ageuke akae kwenye kiti kama mtu. Mimi sioni kitu, ukuta na mlango kwangu ni mamoja. Leo ukuta nitautazama mimi.”

Nikasikia kitanda kinalia, anahangaika, anajivuta kidogokidogo. Nilisubiri mpaka kikatulia. Nikageuka, nikakaa kwenye kiti. Mgongo ulikuwa umepungua sana, mabega yameingia ndani, kitenge kimeteleza kikaacha masikio wazi. Masikio sikuwahi kuyaona. Yalikuwa madogo, kama ya Kabula. Nikakaa nayo pale mpaka mteja wa saluni alipomaliza na kuondoka, na hatukutuma tena neno kwa mtu.